Namna ya Kumwongoza Mwanafunzi wa Uuguzi Azielewe Dawa za Sonona

Kabla mwanafunzi hajaingia wodi ya afya ya akili, mwombe aandike anachoamini kuhusu dawa za sonona, kisha uitunze karatasi hiyo. Mara nyingi utakuta ameandika kwamba dawa hizo huleta uraibu au humpumbaza mtu. Usikimbilie kumsahihisha, kwa kuwa imani aliyokua nayo haitang'oka kwa mhadhara mmoja.

Jambo linalohitaji kupangwa kwa makini zaidi ni muda. Fluoksetini na dawa za jamii yake kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4, pengine 6, kabla nafuu haijaonekana vizuri, ilhali kichefuchefu na kukosa usingizi huweza kuanza siku za mwanzo kabisa. Mwanafunzi anayekaa wodini wiki 2 tu huondoka akiwa ameyaona maudhi ya dawa bila kuiona faida yake, na hapo, kwa maoni yangu, mafunzo yenyewe ndiyo yaliyompotosha. Kwa hiyo mkabidhi mgonjwa mmoja tangu dozi ya kwanza, na wiki ya 6 wakutanishe tena kliniki, hata kama ratiba imeshampeleka kwingine. Mgonjwa aliyekuwa akijibu kwa kutikisa kichwa pengine atamlalamikia kwamba amesubirishwa mno. Lalamiko hilo litamfundisha mengi kuliko kitabu.

Kuhusu uraibu, mpe nafasi ya kumsikiliza mtu aliyewahi kuacha dawa ghafla akapata kizunguzungu na hisia kama ya umeme kichwani. Kisha mweleze kwamba mraibu huandamwa na hamu ya kitu chenyewe, ilhali huyu hakuwa na hamu hiyo, bali alipaswa kupunguziwa dozi taratibu.

Hata hivyo, usimgeuze kuwa mpiga debe wa vidonge. Ni lazima ajue kwamba wagonjwa walio chini ya miaka 25 huangaliwa kwa karibu wanapoanza dawa, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka; kwamba amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ikizidishwa huweza kuua; na kwamba wapo wasiopata nafuu kwa dawa ya kwanza.

Siku ya mwisho mrudishie karatasi yake aandike upya upande wake wa nyuma. Usiisahihishe kwa alama, maana akijua zipo, atakuandikia unachotaka kusikia.