Kuchagua Fimbo ya Kupigia Chipi: Anza na Mahali Mpira Utakapotua

Katika gofu, chipi ni mkwaju unaopigwa mpira ukiwa hatua chache nje ya grini, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye shimo. Mpira huruka chini kwa muda mfupi, hutua kwenye nyasi fupi, kisha hubiringika kuelekea shimoni. Wachezaji wengi wa ridhaa hufika hapo na fimbo moja tu mkononi, aghalabu weji (fimbo ya kuupandisha mpira juu) yenye herufi S kichwani, na kwa kuwa fimbo ni ile ile kwa kila umbali, hulazimika kubuni nguvu mpya ya mkono kila wanapopiga. Njia hiyo inawafaa wenye muda wa kufanya mazoezi kila siku. Kwa sisi wengine, ni rahisi zaidi kuwa na pigo moja lisilobadilika na kuiachia fimbo kazi ya kubadilisha umbali.

Kabla ya kugusa mfuko wa fimbo, tafuta mahali ambapo mpira utatua. Mahali hapo pawe ndani ya grini, takriban hatua moja kupita ukingo wake, na pawe tambarare kadiri inavyowezekana. Nyasi za grini zimekatwa kwa usawa, kwa hiyo mpira ukidunda juu yake mwendo wake unaweza kukadiriwa, ilhali ukidunda ukingoni unaweza kukwama au kuchepuka. Ile hatua moja ya ziada ni akiba ya makosa: mkwaju ukipungua kidogo, mpira bado utaangukia kwenye nyasi fupi.

Sasa pima kwa hatua. Hesabu kutoka kwenye mpira hadi mahali pa kutua, kisha kutoka hapo hadi shimoni, na ulinganishe mwendo wa hewani na ule wa ardhini. Kwa pigo la kawaida la chipi kwenye grini tambarare yenye kasi ya wastani ya kubiringisha mpira, weji yenye herufi S hubiringisha mpira umbali unaokaribiana na ule ulioruka; weji yenye herufi P huubiringisha mara 2 ya mruko; fimbo ya chuma namba 9 mara 3; namba 8 mara 4; na namba 7 mara 5. Wachezaji huikumbuka hesabu hii kwa jina la kanuni ya 12: toa mara za kubiringika kutoka 12, na jibu ndilo namba ya fimbo, P ikihesabiwa kuwa 10 na S kuwa 11. Tuseme mahali pa kutua pako hatua 4 mbele ya mpira na shimo liko hatua 12 zaidi. Mpira utabiringika mara 3 ya mruko, na 12 ukitoa 3 unabaki na 9. Chukua namba 9. Shimo likiwa hatua 4 tu kupita mahali hapo hapo pa kutua, jibu ni 11, yaani S, na pigo lako halibadiliki hata kidogo.

Hata hivyo, kanuni hii ni mwanzo wa kufikiri, wala si amri. Seti nyingi za siku hizi zimetengenezwa zikiwa na mwinamo mdogo wa uso (kiasi uso wa fimbo unavyolala nyuma ili kuuinua mpira) kuliko zile za zamani, hivyo P ya seti mpya inaweza kuwa na nyuzi 44 au 45, wakati ile ya zamani ilikaribia nyuzi 48 au hata 50. Fimbo mbili zenye herufi moja basi zinaweza kutoa mikwaju tofauti kabisa, na mwenye kuazima fimbo za rafiki yake asishangae.

Mteremko na kasi ya grini navyo vina neno. Grini ikipanda kuelekea shimoni, teremsha mwinamo kwa fimbo moja au mbili: palipohitaji P chukua namba 9, na mlima ukiwa mkali chukua namba 8. Ikishuka, fanya kinyume chake. Kasi ya grini hupimwa kwa Stimpmeter, kifaa kilichobuniwa na Edward Stimpson mwaka 1935, lakini mchezaji hahitaji kukibeba. Mikwaju michache ya kusukuma mpira juu ya grini kabla ya mchezo itamwonyesha kama mpira unakimbia. Grini ikiwa ya kasi, ongeza mwinamo wa uso kwa fimbo moja.

Jambo ambalo hesabu hailioni ni namna mpira ulivyolala, na hapa ndipo chaguo zuri la hatua hugeuka kuwa kosa. Mpira ukiwa umezama kwenye nyasi ndefu, nyasi hushika shingo ya fimbo na kuugeuza uso wake, na fimbo yenye mwinamo mdogo hushindwa kuuinua mpira utoke. Weji ndiyo ya kutumia, hata kama hesabu imesema namba 8. Tegemea pia mpira ubiringike zaidi ya kawaida, kwa sababu nyasi zinazoingia kati ya uso na mpira hupunguza mzunguko wake. Kwenye ardhi ngumu isiyo na nyasi hali ni kinyume: weji yenye tumbo nene chini ya kichwa hudunda ardhini na ukingo wake ukagonga mpira katikati, ukaruka kama risasi hadi upande wa pili wa grini. Hapo namba 8 au 7 ni salama zaidi. Mpira ukiwa kwenye nyasi fupi kavu karibu kabisa na grini, bila kizuizi chochote, tumia fimbo ya kusukumia bila kuona haya; msukumo mbovu mara nyingi huishia karibu kuliko chipi mbovu. Na kama kuna shimo la mchanga katikati, au bendera ya shimo iko karibu mno na ukingo, hiyo si kazi ya chipi tena, bali ya mkwaju wa juu kwa weji yenye mwinamo mkubwa.

Msimamo nao usiharibu hesabu. Weka miguu karibu, uzito uegemee mguu wa mbele, na mpira ubaki mahali pale pale kwa kila fimbo, kwani ukiurudisha nyuma unapunguza mwinamo wa uso na weji ya nyuzi 56 itafanya kazi ya nyingine. Fimbo ndefu kama namba 7 ishikwe chini zaidi kwenye mpini.

Ili kuzijua fimbo zako mwenyewe, tandaza taulo hatua moja ndani ya grini ya mazoezi, kisha piga mipira 5 kwa kila fimbo ukilenga taulo hilo kwa pigo lile lile. Ihesabu tu mipira iliyotua juu ya taulo, pima kwa hatua ilikosimama, na uandike wastani wa kila fimbo kwenye kadi utakayoiweka ndani ya mfuko. Siku ya mchezo, unapouacha mfuko kando ya grini, ondoka na fimbo tatu badala ya moja, maana mpira ulivyolala hutaona vizuri mpaka uufikie.