Namna ya Kumtafuta Bundi Mdogo wa Sokoke Bila Kumsumbua

Anayekwenda Arabuko-Sokoke, msitu wa takriban kilomita za mraba 420 ulio kati ya Kilifi na Malindi, akitaka kumwona bundi mdogo wa Sokoke, na atazame udongo kabla ya kutazama matawi. Kwenye mchanga mweupe, ambako miti ya mirihi imetawala, atajichosha bure. Ndege huyu hukaa upande wa udongo mwekundu, katika vichaka vizito vya mti uitwao Cynometra webberi, ambamo pia humea muhuhu, mti ambao kwa masikitiko yangu umekatwa sana kwa ajili ya vinyago.

Pitia kwanza ofisi ya msitu iliyoko Gede upate mwongozaji. Giza likishaingia, simameni njiani, mzime tochi na msikilize: mlio wake ni mbinja fupi, nyororo, inayorudiwa mara kadhaa kwa mwendo usiobadilika. Wekeni alama mahali hapo, kwa kuwa kila jozi ina eneo lake, kisha mrudi asubuhi.

Mchana mume na mke hulala kwenye tawi la chini kichakani, mara nyingi wakiwa wamegusana mabega. Msitafute ndege mkubwa. Urefu wake ni sentimita 16 hadi 18 tu, na uzito wake ni gramu 50 hivi. Wengine ni wa kijivu, wengine wa kahawia, wengine wekundu kama kutu, na wote hufanana na kipande cha gome lililokauka. Akihisi ameonekana hujinyoosha akawa mwembamba, akasimamisha vishungi vya kichwani na kubana macho yake ya manjano. Hapo mmemkaribia kupita kiasi. Rudini nyuma polepole.

Msimchezee mlio wake kwa simu, hata mkiombwa na wageni wenye haraka. Atakayeusikia huacha kuwinda nyenje na mende wake, akahangaika kumfukuza mpinzani asiyekuwepo, na spishi iliyo hatarini kutoweka haistahili kupotezewa usiku namna hiyo.

Wanasayansi walimtambua bundi huyu mwaka 1965, na mwaka 1992 akapatikana pia Usambara Mashariki, Tanzania. Msomaji wa Tanga amtafute katika misitu ya chini, kwenye miteremko ya mwanzo ya milima hiyo, wala asipande hadi kwenye baridi ya kijiji cha Amani.