Ukiishi na watu vizuri ndoto inatimia? Ndiyo, ila fanya hivi

Nadhani wengi tunakosea hapa, mtu anakuwa mpole, anasali, hamgombezi mtu, halafu anakaa anasubiri maisha yanyooke. Wema hauleti hela mlangoni jamani, unachokupa ni mali kauli, yan mtu anakupa mzigo bila hela kwa sababu neno lako analiamini, na kwa sie tulioanza hatuna mtaji hiyo ndo njia yenyewe.

Kwa iyo cha kwanza, lipa siku uliyosema, na biashara ikikataa nenda mwenyewe kabla hujapigiwa simu. Mimi nauza zabibu hapa Dodoma. Kuna mwezi wa tatu mvua ilinikuta njiani natoka Mpunguzi, mzigo ukalowa wote, asubuhi kufunua ndoo zabibu zimepasuka zinatoa maji na nyuki wamejaa. Nadaiwa 40,000, mkononi nina 15,000. Nikapanda boda na ile ndoo hadi shambani, nikamwambia mzee mwenye shamba aliyenikopesha mzigo, shikamoo baba, hela iliyopo ndo hii, nyingine nipe wiki mbili, na mzigo wenyewe huu hapa uangalie. Akainama akachambua kidogo na vidole, akanyamaza weee, halafu akasema mwanangu kachukue ndoo mbili pale kivulini. Ningezima simu siku ile leo nisingekuwa na meza sokoni.

Pili ingia kikoba cha watu wanaokujua, maana mkopo pale unataka wadhamini na hakuna anayemdhamini mtu msumbufu. Hata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, haina riba lakini kwa kawaida wanapewa watu walio kwenye kikundi, sasa kama majirani wanakukimbia kikundi utaunda na nani?

Ila hela ya mzigo usiigawe kwa huruma. Ndugu akiwa na shida mpe kwenye faida yako, kama haipo mwambie kwa upole haipo. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, ukila mtaji kati ya misimu utakaa na wema wako bila ndoo.

Leo jioni chukua daftari, andika kila anayekudai hata kama ni 2,000 ya mama muuza maandazi, anza na yule ambaye siku hizi ukimwona unapita njia nyingine.