Kabla ya kulala vijijini Amerika ya Kusini: ukuta, kitanda na juisi

Aliyekulia kwenye mbung'o anajua kuwa malale huletwa na kuumwa: vimelea hutoka kwenye mate ya nzi. Ugonjwa wa Chagas huletwa na ndugu wa vimelea hao, Trypanosoma cruzi, ila njia yake ni tofauti, na maandalizi yote yanatokana na tofauti hiyo. Kunguni wabusu, wadudu wanaoueneza, hubeba vimelea kwenye kinyesi. Hunyonya damu usiku, mara nyingi usoni, bila kuuma sana, kisha hutoa kinyesi palepale. Wewe mwenyewe, ukijikuna usingizini, ndiye unayekisugua kwenye kidonda, jichoni au mdomoni. Daktari Carlos Chagas aliueleza ugonjwa huu kutoka Lassance, Brazil, mwaka 1909.

Ukienda Bolivia au nyanda kavu za Chaco upande wa Argentina na Paraguay, mdudu mwenyewe ni Triatoma infestans, na wenyeji humwita vinchuca. Huyu ni mdudu wa nyumba, kwa hiyo kabla ya kukubali chumba, ulizia ukuta. Udongo au matofali mabichi yasiyopigwa lipu, na paa la nyasi, ni maficho yake. Piga tochi kwenye nyufa, nyuma ya picha na chini ya godoro. Tafuta michirizi myeusi na myeupe iliyoshuka ukutani kama matone ya rangi. Hicho ni kinyesi chao. Mdudu mzima ana sentimita mbili hadi tatu, bapa, kichwa chembamba, na kingo za tumbo zenye mistari. Usitafute wenye mabawa tu. Tunutu, yaani watoto wao, hupitia hatua tano kabla ya kukomaa, hawaruki, na kila hatua hunywa damu.

Kuku hawaambukizwi, lakini damu yao huwashibisha wadudu wengi sana, hivyo banda lililoegemea chumba cha kulala ni sababu tosha ya kuomba chumba kingine. Mbwa na simbilisi wanaofugwa ndani ni wabaya zaidi kwa sababu wao hubeba vimelea. Usitegemee kopo la dawa ya kupuliza: sehemu za Chaco vinchuca wameshakuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi.

Beba chandarua chako chenye dawa. Vuta kitanda kisiguse ukuta, kisha chomeka chandarua chini ya godoro pande zote nne. Wengi hukosea hapa: hukiacha kining'inie hadi sakafuni, na huyu mdudu hutambaa. Mkono ulioegemea chandarua nao huumwa kupitia matundu.

Ukimkuta mdudu usimponde wala kumshika kwa mkono mtupu. Mfunike kwa chupa, mfungie humo umpeleke kituo cha afya, na pale alipokuwa pafute kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji.

Halafu kuna juisi, ambayo wasafiri hawaifikirii kabisa. Mdudu akisagwa pamoja na miwa au açaí (tunda la Amazoni linalosagwa kuwa juisi), vimelea hunywewa vikiwa hai. Caracas, mwaka 2007, juisi ya mapera iliambukiza zaidi ya watu 100 wa shule moja. Kuigandisha si kinga ya kutegemea. Kunywa açaí iliyopitishwa kwenye joto, au uiache.

Kope la jicho moja likivimba bila maumivu, au homa ikakushika wiki moja mbili baada ya kulala huko, nenda hospitali na utaje Chagas kwa jina, maana daktari wa kwetu atafikiria malaria kwanza. Mwanzoni vimelea huonekana kwa darubini. Baadaye hujificha, na hapo hutakiwa vipimo viwili tofauti vya kingamwili. Usipuuze kwa sababu umepata nafuu. Kati ya wagonjwa 100 wasiotibiwa, 20 hadi 30 huja kuharibika moyo, umio au utumbo mpana, tena baada ya miaka mingi.

Chanjo haipo. Dawa zipo, benznidazole na nifurtimox, ambazo humezwa kwa takribani miezi miwili na hazipewi mjamzito. Kabla ya kuchangia damu, waambie uliishi wapi. Mwanamke aliyeishi huko apime kabla ya kushika mimba, na kama ameshajifungua, mtoto apimwe pia: akitibiwa ndani ya mwaka wa kwanza, karibu kila mtoto hupona.