Kasi ya mteleza theluji: jinsi ya kukokotoa hilo zoezi la fizikia

Mdogo wangu, mwaka wa sita hapa Goma, alikwama kwenye zoezi hili: mtu wa kilo 75, akianza akiwa amesimama, anashuka kwa ski (mbao za kutelezea kwenye theluji) mteremko wa 30% wenye urefu wa mita 100, kizigeu cha msuguano 0.05. Anafika chini na kasi gani? Kutoijua theluji si kizuizi.

1. Chora mteremko na nguvu tatu: uzito, ardhi inavyomsukuma, msuguano. Karatasi ya miraba na rula. Simu weka mbali.

2. Tafuta pembe. Hapa ndipo jioni nzima huishia. 30% si nyuzi 30! Maana yake ni kwamba kila mita 100 za usawa unashuka mita 30, yaani tanjenti ni 0.30. Bonyeza tan⁻¹: nyuzi 16.7. Sini ni 0.287, kosini 0.958. Aliyeweka nyuzi 30 atapata 108 km/h mwishoni, na hatashtuka, maana kuna watelezaji wanaofika huko. Halafu angalia kioo cha kikokotoo. Kikiandika RAD (radiani), sini ya 16.7 itatoka -0.84, na mteremko utakuwa unapanda. Rudisha DEG (nyuzi). Wengine huweka 0.30 mahali pa sini kwa kuwa zinakaribiana. Mwalimu mkali atakukata alama, na ni haki yake.

3. Mchapuko ni mvutano wa dunia (9.81) mara sini, ukitoa msuguano mara kosini: 9.81 × (0.287 − 0.05 × 0.958) = 2.35 m/s². Zile kilo 75 hazijatumika popote, usizitafutie kazi. Ile 0.05 nayo hubadilika: theluji iliyolowa sana hukokota ski, ya baridi kali pia, ndiyo maana nta hupakwa kulingana na hali ya siku.

4. Kasi: huo mchapuko mara 2, mara mita 100 za mteremko, kisha kipeuo cha pili: 21.7 m/s, yaani 78 km/h.

5. Hewa, kama imeulizwa. Kasi ikiwa mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Hapa kilo zinarudi: kwa umbo lile lile, mzito hufikia kasi kubwa zaidi. Waulize wanaoshuka kuja Goma kutoka Kibumba na chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) iliyojaa magunia. Asiye mzito hujikunja, hewa ikose pa kumshika. Simon Billy wa Ufaransa, amejikunja hivyo ndani ya nguo ya kubana, alifikia 255.5 km/h huko Vars mwaka 2023. Zoezi likisema upuuze hewa, ishia hatua ya 4.