Jinsi ya kuzipima D3100 na D7200 kabla hujatoa hela

Nikon D3100 ilitangazwa Agosti 2010 kwa ajili ya mtu anayeshika kamera ya kubadilisha lenzi kwa mara ya kwanza. D7200 ilikuja Machi 2015, nayo ililengwa kwa mpiga picha anayejua anachokitaka. Hapa Morogoro zote mbili bado zinaingia ukumbi wa harusi kila Jumamosi, na zote utazipata zikiwa zimetumika. Mimi nafanyia kazi zote mbili, kwa hiyo vijana wanaoanza huniletea swali moja: "Dada, niuze hii niongezee nichukue kubwa, au nitulie nayo?" Siwajibu ndiyo wala hapana. Nawaambia wazipime kwa kazi yao wenyewe. Mchana mmoja na jioni yake vinatosha.

Kama huna D7200, mwombe mwenye nayo mkutane. Wapiga picha tunaazimana bodi (kamera bila lenzi) siku zote, na mwenzako atakubali haraka zaidi ukimwambia unakuja na memori kadi yako na betri yake hutaimaliza.

Kabla ya yote, tafuta lenzi moja utakayoihamisha kutoka bodi hii kwenda ile. Ukichukua D3100 yenye ile lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera ukaishindanisha na D7200 yenye lenzi ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaoingia ni mwingi), umepima lenzi, kamera hujaipima. Mimi natumia 35mm f/1.8G. Kamera zote mbili zina sensa (kile kipande kinachonasa picha) ya ukubwa wa DX, kwa hiyo lenzi hiyo inaona upana uleule kwenye zote. Piga RAW, yaani faili ghafi, maana JPEG kila kamera huikoleza rangi kivyake. Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua pande zote, usiiache ijichagulie yenyewe.

Anza nje, mchana. Msimamishe mtu kwenye kivuli cha mwembe, ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga), f/4, piga kwa D3100, hamisha lenzi, piga kwa D7200. Kisha nenda studio ukasafishe picha zote mbili kwa ukubwa wa A4, uzitandaze mezani na umwulize mtu asiye wa fani ipi imepigwa na kamera ghali. Picha ya D3100 ina pikseli 4608 kwa 3072, ya D7200 ina 6000 kwa 4000. A4 iliyochapwa kwa nukta 300 kwa inchi inataka kama 3508 kwa 2480 tu, kwa hiyo zote mbili zinapita na chenji inabaki. Tofauti utaiona ukikata kipande kidogo cha picha na kukikuza, au mteja akitaka picha ya kutundika sebuleni. Anayepokea picha zake kwa WhatsApp haoni kitu.

Kama riziki yako ni paspoti, mahafali ya uwanjani na picha za bidhaa mezani, unaweza kuishia hapo. Hela ya kuongezea inunue lenzi ya f/1.8 na flashi ya juu. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu nimeona watu wakiuza kamera nzima isiyo na kosa ili wafuate megapikseli 10 ambazo kazi yao haizihitaji.

Sasa ingia ukumbini. Nenda siku wapambaji wanapofunga vitambaa, omba taa za jukwaani ziwashwe na zile kubwa za katikati zizimwe. Hapa ndipo kamera hizi mbili zinapoachana, na ndipo nataka utumie muda wako mwingi.

Kipimo cha kwanza ni chenga, vile vidoadoa vinavyojitokeza picha ikipigwa gizani. Weka kamera juu ya meza isitikisike, chagua modi ya A (wewe unachagua f, kamera inachagua spidi), f/2.8, na umkalishe mtu ili nusu ya uso wake iwe gizani. Piga ISO 400, 800, 1600, 3200, 6400. Kwenye D3100 namba za kawaida zinaishia 3200. Ile 6400 utaiona imeandikwa Hi 1. D7200 inakwenda hadi 25600. Ukifika kwenye kompyuta usizilinganishe kwa asilimia mia, maana picha ya D7200 ni kubwa na utakuwa umeikuza zaidi ya mwenzake. Ipunguze kwanza ifikie pikseli 4608 kwa upana, halafu ziangalie pamoja. Macho yako yaende kwenye ule upande wa uso ulio gizani, shavuni na chini ya kidevu. Ngozi zetu nyeusi zikikosa mwanga ndipo chenga za rangi zinapoota kwanza, madoa ya zambarau na kijani ambayo ukiyafuta kwa programu, ngozi huweza kuonekana ya plastiki.

Kuna kipimo kingine cha giza ambacho wengi wanakiruka, na kwa mtu wa harusi kina uzito kuliko namba ya ISO. Gauni jeupe likijaa kwenye picha, kamera inadhani mwanga ni mwingi na inaifanya picha nzima iwe nyeusi. Gauni linapendeza, uso wa bibi harusi unazama. Baadaye inabidi uunyanyue uso huo kwenye kompyuta. Basi piga makusudi picha iliyopungua mwanga kwa stopu tatu (kila stopu inakata mwanga nusu), kwenye kila kamera, kisha zinyanyue zote kwa kiasi hichohicho. D3100 inaandika RAW ya biti 12 na sensa yake ni ya kizazi cha nyuma. Vivuli vyake vikivutwa hivyo vinachafuka. D7200 inaandika hadi biti 14, na uso unarudi na rangi yake. Mimi kwa kipimo hiki kimoja ningeweza kuamua.

Baada ya chenga njoo kwenye fokasi. Zima kwanza kile kitaa kidogo cha kusaidia fokasi kwenye menyu za kamera zote mbili, vinginevyo utakuwa unapima taa. Mvalishe mtu koti jeusi, asimame mbali na jukwaa, na usitumie pointi ya katikati; sogeza hadi ya pembeni, ile inayoangukia machoni unapompiga mtu wima. D3100 ina pointi 11, na ya katikati pekee ndiyo ya msalaba, yaani inayosoma mistari iliyosimama na iliyolala. Ukitoka pale katikati, ukakutana na koti lisilo na mikunjo, lenzi itakwenda mbele, itarudi nyuma, itakwenda tena, wewe ukiwa umebana kitufe na picha haipigwi. D7200 ina pointi 51, na 15 kati yake ni za msalaba. Tena kwa maelezo ya Nikon wenyewe fokasi ya D3100 inafanya kazi hadi -1 EV (kipimo cha mwanga; namba ikishuka, giza linazidi), ya D7200 hadi -3 EV. Hizo ni stopu mbili, yaani D7200 inaweza kushika kwenye mwanga ambao ni robo ya ule unaohitajiwa na D3100.

Kwa maneno ya ukumbini, fikiria sendofu. Mama amesimama na mkufu mkononi, anamvisha binti yake, mikono inamtetemeka kidogo, binti anainamisha shingo. Mshereheshaji ameomba taa zipunguzwe. Mama anamaliza kufunga, anamshika binti mashavu, wanatazamana, halafu wanakumbatiana na nyuso zote mbili zinapotea mabegani. Ule mtazamano ndio picha ambayo familia itaiweka ukutani, na ni mfupi mno. Ukiwa na D3100 utaupata ukitumia pointi ya katikati, ukifokasi kwenye ukingo wa hereni au mstari wa kilemba, kisha ukipanga picha upya. Inawezekana, watu wanafanya hivyo. Ukiwa na D7200 unaweka pointi jichoni na unabana.

Kwa vitu vinavyotembea, tokeni barabarani. Weka AF-C, fokasi inayofuata kitu kinachotembea, msubiri bodaboda anayekuja upande wako, bana kitufe tangu akiwa mbali hadi akupite. D3100 inapiga picha 3 kwa sekunde, D7200 inapiga 6, lakini usihesabu picha tu. Hesabu zilizoshika fokasi usoni kwa dereva. Huo ndio mwendo wa maharusi wanaoingia wakicheza, ingawa wao ni wa taratibu zaidi.

Kuhusu mikono: weka kamera zote kwenye M, modi ya kujipangia kila kitu mwenyewe, funga macho, jaribu kubadilisha apecha (ile f) na spidi ya shata. D7200 ina magurudumu mawili, la kidole gumba na la kidole cha shahada, kila moja na kazi yake. D3100 ina moja. Ili ubadilishe apecha inabidi ubane kile kitufe cha +/- kilicho karibu na shata, ukiwa umekibana ndipo uzungushe. Ukizoea unafanya bila kufikiri, lakini kila mara ni hatua moja zaidi. Angalia pia tundu la kuchungulia. La D3100 linakuonyesha kama asilimia 95 ya upana na ya urefu wa picha, la D7200 asilimia 100. Ile tano inayokosekana ndiyo unayoikuta baadaye kwenye kompyuta: kiwiko cha mgeni, chupa ya soda, simu ya mtu.

Kadi. D3100 ina tundu moja la memori kadi, D7200 ina mawili, na unaweza kuiamuru iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa pamoja. Kwenye jedwali la sifa huu ni mstari mmoja, lakini kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuiingiza D7200 kanisani. Kadi huharibika bila kutoa taarifa. Ndoa haifungwi mara ya pili ili wewe upige picha, na bibi aliyetoka kijijini kushuhudia huenda usimwone tena. Ukipima, washa hali hiyo ya nakala, piga, kisha toa kadi zote mbili uhakikishe kila moja ina picha zile zile. Tundu moja likiwa bovu kwenye bodi iliyotumika, muuzaji anaweza asikwambie.

Lenzi zinahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu zinaweza kukugeuzia hesabu yote. D3100 haina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukiifunga 50mm f/1.8D, ambayo huwa nafuu, picha itatoka vizuri ila fokasi utaizungusha kwa mkono. D7200 ina mota, lenzi ileile inafokasi yenyewe. Kinyume chake, jihadhari na lenzi zenye herufi AF-P: kwenye D3100 hazifokasi, kwenye D7200 zinafanya kazi ikiwa programu ya ndani ya kamera imesasishwa. Soma herufi zilizo kwenye shingo ya lenzi kabla hujalipa.

Flashi nitaipitia haraka. D7200 inaweza kuwasha flashi ya mbali bila waya kwa kutumia kiflashi chake cha juu, D3100 haiwezi. Na ukipiga maharusi saa saba mchana kwa f/1.8 ukitaka flashi ijaze nyuso, D3100 inakufungia kwenye spidi ya 1/200. D7200, ukiiweka 1/250 (Auto FP) kwenye menyu na kuwa na flashi inayokubali, inapanda hadi 1/8000. Asiyepiga picha za bustani mchana asihangaike na hili.

Video, kama unachukua viapo au hotuba: D3100 haina tundu la maiki na kila kipande kinakatika kikifika dakika 10. D7200 ina tundu la maiki na la spika za masikioni. Hakuna la kujadili hapo.

Ukishaamua kununua D7200 iliyotumika, nenda na vitu vitatu: kadi mbili, laptopu, na hiyo 50mm f/1.8D ya kuazima. Lenzi itakuambia kama mota ya bodi iko hai. Piga picha moja mbele ya muuzaji, iingize kwenye laptopu bila kuihariri, na programu ya ExifTool itakusomea shata imefyatuka mara ngapi. Nikon walisema shata ya D7200 ilijaribiwa kwa mifyatuko 150,000. Piga ukuta mweupe kwa f/22 uone madoa ya sensa. Vumbi linasafishika, mkwaruzo hausafishiki. Fungua mlango wa betri uangalie kama kuna kutu ya kijani.

Usiiuze D3100 kama unaweza kuepuka. Ina gramu kama 505 ikiwa na betri na kadi, mwenzake ana 765, na ukiifunga lenzi pana ikaning'inia bega la pili hutahitaji kubadilisha lenzi katikati ya vumbi la msafara wa magari. Betri zake ni EN-EL14 na za D7200 ni EN-EL15, haziingiliani, kwa hiyo beba chaja zote mbili. Na kabla ya kutoka nyumbani weka kamera zote mezani, fungua menyu za saa, uzipange zisome dakika moja na sekunde moja, ili jioni picha za bodi zote mbili zijipange kwenye kompyuta kwa mfuatano wa sherehe yenyewe.