Pete ya kahawia kwa mbolea ya CAN: namna ya kuona NO ikishika chuma kabla hujaenda kwenye seli

Wadogo zangu wa maabara hapa Tanga, mnaouliza NO (nitriki oksaidi, gesi ya nitrojeni na oksijeni) inashikaje chuma mwilini, tuanze na testi tyubu maana humo inaonekana kwa macho, ya seli yatafuata.

Hatua ya 1. Chukua CAN (mbolea ya kalsiamu amonia nitreti) kidogo toka duka la pembejeo, koroga kwenye maji masafi halafu chuja. Msiruke kuchuja jamani, CAN ina chokaa, ikikutana na asidi inafoka mapovu huoni kitu. Andaa na tyubu ya pili yenye urea, hiyo haina nitreti kwa hiyo haitakiwi kutoa pete.

Hatua ya 2. Maji ya feri salfeti (chumvi ya chuma) yatengenezwe saa hiyohiyo. Huku pwani unyevu hauna huruma, kopo likiachwa wazi kabatini zile chenga za kijani mpauko zinavaa unga wa njano-kahawia, ujue hapo Fe2+ (chuma kilichopoteza elektroni mbili) imeshakuwa Fe3+ (kilichopoteza tatu) na Fe3+ haikupi pete ng'o. Chagua za kijani tu.

Hatua ya 3. Changanya sm³ 2 za maji ya mbolea na sm³ 2 za feri salfeti, tia tone la asidi dhaifu. Ikiwa kahawia hapohapo basi una nitraiti (NO2-), sio nitreti (NO3-).

Hatua ya 4. Miwani na glavu! Inamisha tyubu, teremsha asidi kali ya salfuriki ukutani polepoleee, ni nzito karibu mara 1.8 ya maji kwa hiyo inazama yenyewe, na pale inapopakana na maji pete inajichora. Usitikise, ikipata joto NO inatoroka na pete ndo kwisha habari yake. Kumwaga: iache ipoe, mimina taratibu kwenye maji mengi, kamwe usimimine maji juu ya asidi.

Hatua ya 5. Kilichotokea ni hiki, Fe2+ tatu zimeipora nitreti oksijeni ikabaki NO, halafu Fe2+ nyingine ikaidaka hiyo NO, ndo kahawia yenyewe.

Sasa seli. Yenyewe inatengeneza NO toka arjinini (asidi amino mojawapo), na hiyo NO inaishi sekunde chache tu. Ikidaka Fe2+ ya hemu (kile kipande chenye chuma ndani ya protini) kwenye kimeng'enya cha guanileti saiklezi, cGMP (molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli) inapanda na mshipa wa damu unalegea. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Nobel ya 1998 kwa habari hizi za NO. Ikikuta himoglobini yenye oksijeni, safari inageuka kinyume cha tyubu yetu: NO inakuwa nitreti na chuma kinabaki Fe3+, kisichobeba oksijeni tena mpaka kirudishwe. Mi hapa ndo huwa naparudia darasani.

Chuma kisicho ndani ya hemu nacho hakiachwi, kinaweza kubeba NO mbili pamoja na glutathioni (molekuli ndogo yenye salfa iliyomo kwenye seli). Hicho msikitafutie pete, kinapimwa kwa mashine ya EPR (inayosoma elektroni zisizo na mwenza kwa sumaku), alama yake iko kwenye thamani ya g 2.03.